Msimbo si Hukumu: Dhidi ya Ufundi wa Kubahatisha

Kuna sentensi fupi ya Kiganda inayosikika sana katika gereji za Kampala, kuanzia Ndeeba hadi Bwaise: "Sensa efudde." Kwa Kiswahili tungesema sensa imekufa. Fundi huchomeka mashine yake ya kusoma hitilafu, husubiri kidogo, hutazama kioo, kisha hutamka sentensi hiyo kwa sauti ya daktari anayewapa ndugu habari za msiba. Mwenye gari hatii neno. Anatoa pesa, kijana wa gereji anarukia bodaboda kwenda soko la Kisekka, na baada ya saa moja sensa nyingine imefungwa.

Hoja yangu katika insha hii ni kwamba sentensi hiyo hutamkwa kabla ya mtu yeyote kupima kitu chochote, na kwamba kosa lake huanzia kwenye tafsiri kabla halijafika kwenye spana. Ndiyo maana naliandika hapa, katika mkusanyiko wa wanafunzi wa Kiswahili, badala ya kuwaachia wanafunzi wa uhandisi. Nitatumia mfano mmoja tu, sensa ya krenki, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa mno na ndiyo niliyoiona ikipimwa kwa macho yangu. Kaka yangu ni makanika, na likizo zangu nyingi nimezimalizia gerejini kwake nikimshikia taa.

Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe, maana asiyejua maana haambiwi maana. Krenki ni ule mhimili mzito ulio chini ya injini unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Kompyuta ya gari haiwezi kuagiza plagi itoe cheche wala nozeli inyunyize petroli bila kujua krenki imefika wapi na inazunguka kwa kasi gani. Habari hiyo huletwa na sensa. Katika injini ya 1NZ-FE ya Toyota, ambayo imo katika magari mengi tunayoyaona mjini hapa, kuna gurudumu dogo la chuma lililofungwa kwenye krenki lenye meno 34. Yangekuwa 36, jino moja kila nyuzi 10, lakini mawili yameachwa makusudi. Meno yanapopita mbele ya sensa, yenye sumaku na koili ya waya mwembamba, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili. Lile pengo la meno mawili likipita, kompyuta hujua mahali krenki ilipo. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, meno 340 hupita kila sekunde. Ishara hiyo ikikatika, kompyuta haioni tena mzunguko, nayo huacha kuagiza petroli na cheche. Gari linazima palepale, hata kama ni katikati ya msongamano wa Jinja Road.

Sasa tuje kwenye mashine ya kusoma hitilafu. Mashine hiyo huonyesha msimbo, ambao gerejini huitwa kodi, na ni kodi kwelikweli kwa sababu mwenye gari ndiye anayeilipa. Msimbo wa sensa ya krenki unaojulikana zaidi ni P0335. Maelezo yake, yakitafsiriwa neno kwa neno, ni haya: hitilafu katika saketi ya sensa ya mkao wa krenki. Nawaomba wasomaji walisome tena neno la tatu. Ni saketi. Msimbo hausemi kwamba sensa ni mbovu. Ndugu zake wanasema vivyo hivyo: P0336 ni ishara ya saketi isiyoeleweka vizuri, P0337 ni ishara iliyo chini mno, P0338 iliyo juu mno, na P0339 ni saketi inayokatika na kurudi. Yote mitano inataja saketi.

Saketi ni njia nzima ya umeme. Ndani yake imo sensa, ndiyo, lakini zimo pia waya mbili au tatu zinazotoka huko chini karibu na puli ya krenki hadi kwenye kompyuta, imo soketi ya kuziunganisha, vimo vipini vidogo vya shaba vinavyoweza kuota kutu ya kijani, na imo kompyuta yenyewe mwisho wa safari. Hata meno ya lile gurudumu, ambayo si sehemu ya saketi, yakipinda au yakilegea huharibu ishara na kuwasha taa ileile. Mashine inatuambia: ishara haifiki kama inavyotakiwa, tafuteni kwenye njia hii. Sisi tunasikia: nunueni sensa. Neno moja limedondoka njiani, na bei ya neno hilo hulipwa na mtu ambaye hakuwepo lilipodondoka.

Haishangazi kwamba linadondoka. Fikirieni safari ya maneno katika gari moja la Kampala. Gari limetoka Japani likiwa limetumika, na kijitabu chake kimeandikwa Kijapani. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini haikusema kitu juu ya lugha ya kijitabu. Mashine ya kupimia inasema Kiingereza cha kifupi. Fundi anaeleza kwa Kiganda. Dereva huenda ametoka Arua, Bunia au Juba, na lugha anayoelewana na fundi ni Kiswahili cha kuombea maji. Lugha nne zimepokezana habari moja, na hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyefundishwa kuipokea nzima.

Nina mfano wa karibu. Baba yangu mdogo anaendesha Premio ya kukodiwa. Gari lilianza kuzima likipata moto, hasa mchana kwenye foleni, kisha likipoa linawaka kama halikuwa na neno. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilisoma P0335 na kutangaza kifo. Ikafungwa sensa ya mtumba. Siku ya tatu gari likazima tena. Ikafungwa nyingine, wakisema ile ya kwanza ilikuwa feki. Gari likazima tena. Mara ya tatu wakamwambia bongo ya gari, yaani kompyuta, ndiyo imeungua, na bei waliyoitaja ilimfanya aanze kufikiria kuliuza. Katika ziara zote tatu hakuna aliyefungua mita ya umeme. Kaka yangu alipolipata gari hilo alifuata waya za sensa kwa vidole, sentimita kwa sentimita, na akakuta mahali ambapo plastiki ya waya mmoja ilikuwa imelika kwa kusuguana na kipande cha chuma. Injini ikipata moto na kutikisika, shaba iliyo wazi iligusa chuma na ishara ikapotea. Alikata, akachomelea kwa risasi, akafunika, akaifunga njia mpya mbali na kile chuma. Sensa iliyokuwa ya tatu kufungwa, na kompyuta iliyohukumiwa kufa, zingali zinafanya kazi hadi leo.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha utaratibu. Sitaki kuwatukana mafundi wa gereji ile. Utaratibu wa kupima upo, si mrefu, na unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila jasho.

Kwanza ni kuuliza. Gari linazima likiwa na moto au likiwa baridi? Linazima likipita kwenye mashimo? Lilianza baada ya kuoshwa injini, au baada ya kazi nyingine iliyofanywa karibu na puli? Maswali haya hayana gharama, na kila jibu linapunguza mahali pa kutafuta. Kisha betri. Betri iliyoshiba ikipumzika huwa na volti 12.6 hivi. Ikiporomoka chini ya volti 10 wakati stata inazungushwa, kuna mashaka na betri yenyewe, waya zake au stata, na yafaa kulishughulikia hilo kabla ya yote. Sensa ya koili hutoa umeme kulingana na kasi ya meno: krenki ikizunguka kichovu, ishara huwa ndogo mno na kompyuta inaweza isiione. Kwa hiyo betri chovu inaweza kuisingizia sensa nzima. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Pili, mashine ileile iliyotoa msimbo ina ukurasa mwingine ambao mafundi wengi hawaufungui, ule unaoonyesha hali ya injini wakati huohuo. Mtu mmoja apige stata, mwingine atazame namba ya mizunguko kwa dakika. Ikionyesha mia na hamsini, mia mbili au zaidi, na haikatikikatiki, kompyuta inaiona krenki kwa wakati huo, na kama gari bado haliwaki ni afadhali tukatafute petroli au cheche. Ikibaki sifuri wakati krenki inazunguka, hapo ndipo tuna haki ya kuishuku saketi. Kushuku tu.

Tatu, soketi ya sensa ichomolewe na itazamwe. Kama imejaa oili, kama ina kutu, kama vipini vimelegea, tumeshapata cha kusafisha kabla hatujapata cha kununua. Kisha mita. Kwa sensa ya waya mbili tunapima ukinzani wa koili katikati ya vipini viwili. Thamani sahihi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na ni lazima isomwe katika kitabu cha injini hiyo, lakini majibu mawili hayahitaji kitabu: ukinzani usio na mwisho maana yake waya wa koili umekatika, na sifuri maana yake umegusana. Tunapima pia kati ya kila kipini na mwili wa sensa, ambapo hapatakiwi kuwa na njia.

Hapa pana mtego ambao ningependa kila fundi aujue. Ukinzani wa shaba hupanda kadiri inavyopata moto, kwa asilimia 0.39 hivi kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Koili yenye omu 1,000 asubuhi kwenye nyuzi 25 itakuwa na takriban omu 1,270 injini ikifika nyuzi 95. Hilo ni la kawaida. Lakini koili yenye ufa mdogo inaweza kupima vizuri kabisa ikiwa baridi na kukatika kabisa ikiwa na moto. Fundi anayepima asubuhi gari linalozima mchana anapima gari lingine. Ni lazima apime sensa ikiwa na moto, hata kwa kuipasha na kikaushio cha nywele alichoazima saluni ya jirani, kisha alinganishe.

Hata hivyo ukinzani mzuri si ushahidi wa mwisho, kwa sababu unaeleza habari za koili peke yake. Sumaku inaweza kuwa imebeba unga wa chuma, au nafasi kati ya sensa na meno ikawa imeongezeka. Kwa hiyo mita iwekwe kwenye volti za umeme wa mbadala, stata ipigwe, na tuone kama kuna umeme unaozaliwa. Ukiwepo kwenye sensa na usifike upande wa kompyuta, kosa liko kwenye waya. Basi waya zipimwe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, soketi zikiwa zimechomolewa pande zote mbili, na zitikiswe wakati zinapimwa, maana waya uliolala kimya hausemi ukweli. Sensa ya waya tatu ni jambo jingine. Hiyo hupewa umeme na kompyuta, mara nyingi volti 5 au 12, nayo haipimwi kwa omu kama ile ya koili. Hupimwa kama inapokea umeme, kama ina njia ya kurudi kwenye bodi, na kama ishara yake inapanda na kushuka meno yakipita.

Ni hayo tu, na kazi yenyewe huisha kwa kufuta msimbo na kuliendesha gari katika hali ileile lililokuwa likizimia, ili kuona kama msimbo utarudi.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza ni fundi mwenye haraka, anayesema mteja hasubiri, na kwamba kubadilisha sensa ni njia ya mkato ya kupima. Namkubalia nusu. Ukitoa sensa kwenye gari linalowaka vizuri, la aina ileile, ukaifunga kwenye gari bovu, hicho ni kipimo halali kwa sababu unajua unachokifunga ni kizima. Lakini sensa iliyookotwa kwenye rundo la mitumba hakuna aijuaye. Ukifunga usichokijua juu ya usichokijua, gari likikataa kuwaka hujajifunza lolote, na likiwaka huenda ni kwa sababu uliuchomoa na kuuchomeka upya mlango wa umeme uliokuwa umelegea. Kuhusu haraka, baba yangu mdogo alipoteza siku zake katika ziara tatu za "haraka". Mita ya kawaida inauzwa madukani mjini kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine ya kusoma misimbo, kwa hiyo hata udhuru wa vifaa hausimami.

Wa pili ni msomi mwenzangu, anayesema kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuwapa magari watu wasiosoma. Huyu simkubalii hata robo. Nimemwona fundi asiye na cheti akitofautisha sauti ya cheni ya taimingi iliyolegea na sauti ya vali akiwa amesimama hatua kumi mbali. Katwe imejengwa na watu wa namna hiyo. Nchi hii hii imetoa gari la umeme la Kiira EV kutoka Makerere mwaka 2011, na tunalisifu kwa haki, lakini gari la jirani yako linatengenezwa na kijana aliyejifunzia chini ya mwembe. Kijana huyo hakosi akili. Amekosa maelezo kamili katika lugha anayoijua, na waliosomeshwa lugha ni sisi.

Wa tatu yuko ndani ya idara zetu. Yeye akisikia Kiswahili cha sayansi hukimbilia orodha ya istilahi. Atataka tujadiliane kama sensa iitwe kihisi, kitambuzi au kipokeahisia, na kama krenki ni neno la adabu. Mjadala huo una mahali pake, na sina ugomvi na kamusi. Lakini P0335 haikupotoshwa kwa kukosa nomino. Gerejini kila mtu ana neno sensa na kila mtu anaelewa waya. Kilichokosekana ni sentensi: pima hiki, ukipata hivi fanya hivi, usipopata rudi pale. Tumezoea kuiita lugha yetu maskini kwa sababu haina jina la kila skurubu, wakati tumeshindwa kuandika hata ukurasa mmoja wa maagizo kwa majina tuliyonayo. Aya nilizoziandika hapo juu zinaeleweka gerejini kwa kaka yangu. Nilimsomea, akanisahihisha mahali pawili, akaendelea na kazi.

Katiba yetu iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulifurahi, tukavaa fulana tarehe 7 Julai na kughani mashairi. Lakini Waganda wengi bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya amri ya askari kwenye kizuizi cha barabara, na mashairi peke yake hayataifuta kumbukumbu hiyo. Itafutwa siku Kiswahili kitakapomwokolea mtu pesa zake. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa, fundi wa Ndeeba na mfanyabiashara wa Goma wangeweza kusimama juu ya boneti moja wakaelewana kuhusu saketi, kama kuna mtu angewaandikia.

Basi napendekeza jambo dogo, kwa walimu wangu kwanza. Katika somo la tafsiri tunapewa hotuba za viongozi na vipande vya riwaya. Tupewe pia misimbo kumi ya hitilafu za magari, na alama zisitolewe hadi tafsiri ipelekwe gerejini na fundi aifuate mpaka mwisho. Akikwama, tumekosea sisi, hata kama sarufi ni safi. Kwa wanafunzi wenzangu, ambao wengi wenu mtanunua gari la mtumba kabla ya kumaliza kulipa mkopo wa kwanza: siku mtakapoambiwa sensa imekufa, msibishane na fundi wala msimdharau. Mwulizeni maswali matatu. Umepima nini? Ilikuwa na moto au baridi? Mita ilisema ngapi? Akiwa na majibu, mlipeni bila kunung'unika, maana amefanya kazi ya ufundi. Asipokuwa nayo, pesa zibaki mfukoni hadi mita itoke kwenye sanduku.